Kumshusha Mheshimiwa Jukwaani Kabla Wali Haujapoa

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa kikao, mtunza muda, fundi mitambo na kila mwanakamati aliyewahi kuona saa 7 mchana ikifika huku mzungumzaji wa pili kati ya wanne akisema, "Baada ya utangulizi huo, naomba sasa niingie kwenye mada yenyewe." Unafaa kongamano la wahasibu, wahandisi, wauguzi, walimu au wanasheria, liwe Arusha, Dodoma, Nairobi au Mombasa. Kumbi ni tofauti, maradhi ni yaleyale: saa haina mwenyewe na maiki haina mlezi.

Msingi wake ni huu. Dakika hazizaliwi ukumbini. Kila dakika anayojiongezea mzungumzaji mmoja imetoka kwa mtu mwenye jina, na jina hilo mara nyingi liko mwisho wa ratiba: mtafiti kijana, muuguzi wa wilayani aliyesafiri usiku kucha kwa basi, mwanafunzi wa uzamili aliyekesha akipanga slaidi zake. Wakubwa wanakopa, wadogo wanalipa. Ndiyo maana mtunza muda na fundi wa sauti wanafanya kazi moja. Mmoja analinda zamu ya anayesubiri, mwingine analinda sikio la aliyekaa nyuma. Wote wawili wanagawa haki, na kazi hiyo inataka ujasiri wa kumwambia mkubwa, kwa heshima zote, kwamba zamu yake imekwisha.

1. Piga hesabu kabla ya kupiga chapa ratiba

Chukua kikao cha dakika 90. Wazungumzaji wanne wa dakika 15 kila mmoja wanachukua 60. Maswali yanachukua 20. Zimebaki 10: tano za mwenyekiti kufungua na kuwatambulisha watu, tano za kupanda na kushuka, kuchomeka waya na kutafuta miwani. Hesabu imefungwa. Kamati ikikuletea mzungumzaji wa tano "wa dakika chache tu", uliza papo hapo dakika hizo zinatoka kwa nani. Anayeombea nafasi ataje jina la anayenyang'anywa. Maombi mengi hufia hapo.

Kwenye ratiba andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwa kila mtu. "Dakika 15" peke yake haimbani mtu, kwa sababu kila mmoja huanza kuzihesabu pale anapojisikia ameanza. "Saa 5:15 hadi 5:30 asubuhi" inambana. Na kama kuna wageni kutoka nje, toa ratiba yao ya pili kwa saa wanazozijua wao, maana mtu aliyeambiwa kikao ni saa tatu anaweza kutokea alasiri akiwa amechana nywele vizuri na ukumbi ukiwa mtupu.

Mgeni rasmi ahesabiwe kwa namna yake. Mkutano wote usimsubiri. Panga mada moja ya kitaalamu ianze kwa saa iliyoandikwa, na ufunguzi rasmi ufanyike atakapowasili. Kisha weka chai mara tu baada ya hotuba yake. Akizidisha dakika 10, chai ya dakika 30 inakuwa ya 20, na hakuna mtoa mada aliyelipa deni. Chai inavumilia. Mtafiti mwenye dakika 15 akibakiwa na tano hana cha kuvumilia.

Siku ya Ijumaa, kikao chenye wakubwa wengi kiwekwe kabla ya swala ya Ijumaa. Nusu ya ukumbi ikianza kusimama kwenda msikitini, hata msemaji mkaidi huelewa.

2. Mbane mzungumzaji akiwa bado nyumbani

Wiki moja kabla ya mkutano, kila mzungumzaji apate ujumbe mfupi wenye mambo manne: saa yake, urefu wa muda wake, aina ya maiki atakayotumia, na siku ya mwisho ya kutuma slaidi. Slaidi zifike usiku wa kuamkia mkutano, zikae kwenye kompyuta moja ya ukumbi, zifunguliwe na kujaribiwa. Ukiruhusu kila mtu aje na kompyuta yake na flashi yake, umeshagawa dakika kwa waya.

Slaidi moja kwa dakika ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mtu mwenye slaidi 60 kwa dakika 15 amejipa sekunde 15 kwa kila moja. Wapo wanaoweza mwendo unaokaribia huo: mtindo wa PechaKucha, ulioanzia Tokyo mwaka 2003, humpa mzungumzaji slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, zinageuka zenyewe, na baada ya dakika 6 na sekunde 40 amemaliza. Lakini waliozoea mtindo huo hufanya mazoezi mpaka maneno yao yanakimbizana na picha. Mzungumzaji wako hajafanya. Mwombe achague slaidi 15 anazozipenda kuliko zote, nyingine ziende kwenye kitabu cha mada.

Mwambie pia asome hotuba yake kwa sauti, akiwa amesimama, saa ikiwa mezani. Asikadirie kwa kuhesabu maneno, hasa kwa vipimo vilivyowekwa kwa Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo ukurasa wenye maneno machache unaweza kuchukua muda mrefu kuliko unavyoonekana. Saa ndiyo shahidi pekee anayeaminika.

Asubuhi ya siku yenyewe, mfuate mahali alipo, hata kama yuko kwenye foleni ya usajili. "Shikamoo, Profesa. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikao cha saa 5. Utakuwa na dakika 15. Utaona kadi ya dakika tano, kisha ya dakika mbili. Muda ukiisha nitasimama, na nikisimama naomba umalize sentensi uliyonayo." Profesa atasema, "Marahaba, hakuna shida." Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Mtu aliyekubali asubuhi haaibiki mchana, na wewe huna tena haja ya kuogopa.

3. Salamu zitolewe mara moja, zitolewe vizuri

Kauli ya "itifaki imezingatiwa" ilikuja kuokoa dakika. Mzungumzaji anaitamka, ukumbi unashusha pumzi, kisha anaanza: mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, wajumbe wa bodi, mkurugenzi mkuu, wakurugenzi wa idara, wadhamini, waandishi wa habari, mabibi na mabwana. Wazungumzaji wanne wakitumia dakika mbili kila mmoja kwa salamu, dakika nane zimeondoka, karibu nusu ya muda wa maswali.

Salamu kwetu ni utu, na mwongozo huu hauna nia ya kuzifuta. Unataka zitendewe haki. Mshereheshaji au mwenyekiti asalimie mara moja kwa niaba ya wote, kwa majina yaliyohakikiwa, vyeo vilivyo sahihi na matamshi ambayo mwenye jina atayatambua. Halafu juu ya mimbari bandika karatasi yenye maandishi makubwa: "Salamu zako zimeshafika. Anza na mada." Kuna wazungumzaji watakaoshukuru, kwa sababu nao walikuwa wanasalimia kwa hofu ya kumsahau mtu.

4. Mgeni wa kwanza kupokewa ni fundi mitambo

Fundi afike saa mbili kabla ya washiriki, na akifika akute mtu wa kumpokea, ratiba mkononi, kiti, na tiketi ya chakula. Fundi asiye na ratiba atafungua maiki ya mtu aliyekwisha kushuka na kufunga ya yule anayeanza kusema. Meza yake ikae ndani ya ukumbi, kuelekea nyuma, mahali anaposikia kile wanachosikia washiriki. Akifichwa nyuma ya pazia, atakuwa anapika bila kuonja.

Kazi yake ya kwanza ni kuzuia ule mlio mkali unaowafanya watu wazime tabasamu na kuziba masikio. Chanzo chake ni mzunguko: sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena ikiwa kubwa zaidi, inarudi tena, mpaka mfumo wote unalia. Mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen, ndiye aliyechunguza jambo hili mapema, na kwa lugha kadhaa za Ulaya bado linaitwa kwa jina lake. Dawa zake zinajulikana. Spika ziwe mbele ya maiki, zikitazama washiriki, kamwe zisiwe nyuma ya mgongo wa msemaji. Maiki isogezwe karibu na mdomo, halafu sauti ya miksa ishushwe. Na maiki zote ambazo hazitumiki zifungwe. Kwenye meza ya wajadili wanne, kila mara idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, fundi anapoteza desibeli 3 kabla ya mlio kuanza. Mjadili mmoja akisema, maiki tatu zilale.

Ukumbi mrefu una hila yake. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo katika ukumbi wa mita 34 sauti ya spika za mbele inafika nyuma ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiweka spika nyingine huko nyuma bila kuzichelewesha kwa kiasi hicho kwenye mitambo, waliokaa mstari wa mwisho watasikia kila neno mara mbili, na watalaumu matamshi ya msemaji. Kumbuka pia kwamba miili ya watu hunyonya sauti. Ukumbi uliojaribiwa ukiwa mtupu utasikika tofauti ukijaa, kwa hiyo dakika tano za kwanza fundi asiguse simu yake.

Kama kuna mvumo mzito usiokoma, anza na kompyuta iliyounganishwa kwenye miksa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo mara nyingi unaingia pale vifaa viwili vinapochomekwa kwenye soketi mbili za mbali, kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ardhini. Vichomekwe mahali pamoja. Ukichomoa chaja ya kompyuta na mvumo ukakoma, umeshamjua mkosaji. Na kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote, miksa na kompyuta ya slaidi zikae kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme, ili zisizime katika zile sekunde jenereta inapokuwa inawaka.

5. Namna ya kushika maiki

Wapo washika maiki wa aina nne, na kila aina ina dawa yake.

Wa kwanza huishika kifuani. Anaamini inamsikia. Umbali kati ya mdomo na maiki ukipungua kwa nusu, sauti inayoingia huongezeka kwa desibeli kama 6, na hizo ni desibeli ambazo fundi hakulazimika kuziongeza kwenye miksa. Mwambie upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, na akigeuza kichwa kutazama slaidi, maiki igeuke naye.

Wa pili huikaba koo, kiganja kimefunika kile kichwa cha wavu. Huyu ndiye baba wa milio. Maiki nyingi za mkononi zimetengenezwa zisikie mbele na zipuuze nyuma, na hufanya hivyo kwa msaada wa matundu yaliyo nyuma ya sehemu inayopokea sauti. Kiganja kikiyaziba, maiki inaanza kusikia kila upande, spika zikiwemo. Ashike mpini, katikati.

Wa tatu huipuliza au kuigonga, "fuu, fuu, dum, dum", ndipo aanze. Pumzi hupeleka unyevu ndani na kugonga hupeleka mshtuko kwenye spika za ukumbi mzima. Maiki inajaribiwa kwa kusemewa. Jina lako na kichwa cha mada yako vinatosha, na ukumbi unakuwa umeshakujua.

Wa nne hupasua kila "p" na "b", na Kiswahili kina "p" na "b" za kutosha kubomoa nyumba. Aishushe maiki kidogo, iwe chini ya mdomo ikitazama juu kwa mshazari, ili upepo wa herufi hizo upite juu yake.

Kwa maiki isiyo na waya, ongeza mambo mawili. Betri mpya asubuhi, betri mpya baada ya chakula cha mchana, hata kama za asubuhi zinaonekana zina uhai. Bei ya betri ni ndogo kuliko kimya cha ghafla katikati ya takwimu muhimu. Na kile kipokezi kiwekwe mahali kinapoonana na jukwaa, juu ya vichwa vya watu, kwa sababu mwili wa binadamu umejaa maji na maji hunyonya mawimbi hayo. Maiki inayokatika kila mgeni rasmi anapopita na msafara wake haina ubovu. Imezibwa.

6. "Mimi sauti yangu inatosha"

Kila mkutano una mtu huyu. Anasogeza maiki pembeni, anafungua kifua na kuuliza, "Mnanisikia huko nyuma?" Wanaojibu "Ndiyo!" ni wale wanaosikia. Asiyesikia hajasikia hata swali.

Hapa mwenyekiti asione haya. Mzee aliyekaa mstari wa saba, ambaye masikio yake yamechoka, hatasimama mbele ya watu 300 kutangaza udhaifu wake. Mshiriki anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia anategemea sauti safi. Wanaofuatilia kwa intaneti hawapati chochote kisichopita kwenye maiki, na rekodi ya mkutano itabaki na picha ya mtu anayefungua mdomo. Mkalimani aliye kwenye kibanda chake cha vioo, masikioni ana sauti ya maiki peke yake. Kwa hiyo sema mara moja, kwa uso mkunjufu: "Mheshimiwa, sauti tunaijua, lakini kuna wanaoipata kwa maiki tu." Kisha mpelekee maiki mkononi. Hakuna anayekataa maiki iliyokwisha kufika mkononi.

7. Wakumbuke waliomo kwenye kibanda

Mkutano wenye lugha mbili una watu wawili ambao hawaonekani na ambao wakichoka, nusu ya ukumbi inapotea. Wakalimani sambamba hufanya kazi kwa jozi na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu kusikiliza lugha moja na kusema nyingine kwa wakati uleule huchosha akili upesi. Adui yao mkubwa ni mzungumzaji aliyeonyeshwa kadi ya dakika mbili akiwa na kurasa sita. Badala ya kuruka kurasa, anaongeza mwendo.

Jambo hili lilishafanyiwa kazi zamani. Mahakama ya Nuremberg, iliyoanza vikao Novemba 1945 kwa lugha nne, iliweka taa mbili kwa ajili ya wasemaji: ya njano ikiwaka, punguza mwendo; nyekundu ikiwaka, simama. Majaji, mawakili, mashahidi, wote walitii taa iliyowashwa kwa ajili ya mkalimani. Arusha nayo inaujua ukalimani huu kwa karibu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC) mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ilisikiliza mashahidi waliosema Kinyarwanda huku kesi ikifuatwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Na tangu Umoja wa Afrika ulipokipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022, vibanda vyenye Kiswahili vinastahili kuongezeka. Wapeni wakalimani slaidi mapema, maji ya kunywa, na kadi ya njano yao wenyewe. Wakiiinua, mwenyekiti amwambie msemaji: "Polepole, tafadhali."

Mkalimani wa lugha ya alama naye apangiwe mahali pa kusimama penye mwanga, hata projekta inapotaka giza.

8. Kengele haina cheo

Anayefuatilia Bunge kutoka Dodoma anajua nguvu ya kengele. Ikilia, mbunge aliyekuwa anatembea anaanza kukimbia, anatupa "naunga mkono hoja", anaketi. Taarifa rasmi za Bunge huiandika kabisa kengele hiyo kwenye mabano, ili hata msomaji wa baadaye ajue muda uliishia wapi. Uzuri wake ni kwamba inamlilia kila mtu kwa sauti ileile.

Tofauti yake ionekane New York. Septemba 1960 Fidel Castro aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba angejitahidi kuwa mfupi, akahutubia Baraza Kuu kwa saa 4 na dakika 29. Siku hizi viongozi huombwa watumie dakika 15 katika mjadala mkuu wa kila Septemba, na wengi huzipita, kwa kuwa hilo ni ombi. Taa na kadi bila mwenyekiti aliye tayari kusimama ni mapambo.

Chukua na busara ya Athene ya kale. Hotuba za mahakamani zilipimwa kwa chombo cha udongo chenye maji, kilichotobolewa chini. Kimoja kilichofukuliwa katika Agora, soko la kale la mji huo, hutoa maji yake yote kwa dakika kama 6. Sheria au ushahidi ulioandikwa uliposomwa, tundu lilizibwa, kwa sababu dakika hizo hazikuwa za msemaji. Fanya vivyo hivyo. Maiki ikifa au umeme ukikatika, simamisha saa na utangaze kuwa imesimama. Mzungumzaji akiona unamlindia dakika zake, hatakuwa na kinyongo utakapomdai za wenzake.

9. Hatua za kumshusha

Mtunza muda akae mstari wa mbele, katikati, anapotazamana na msemaji. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kadi inayopungwa kutoka mlangoni haimshushi mtu.

Dakika tano zikibaki, kadi ya kwanza. Dakika mbili, kadi ya pili, na isishushwe mpaka msemaji atikise kichwa kuonyesha ameiona. Muda ukiisha, mwenyekiti asimame pale alipo, asiseme kitu. Ukumbi wote utamwona, na msemaji atauona ukumbi ukimwona. Baada ya nusu dakika, asogee hatua mbili kuelekea mimbari, uso ukiwa na tabasamu. Baada ya nusu dakika nyingine, atumie maiki yake, ambayo fundi ameshaifungua: "Ahsante sana, Profesa, kwa mada nzito. Ndugu washiriki, tumpongeze."

Makofi ndiyo chombo bora kuliko vyote. Hakuna anayeweza kuendelea kusema juu yake, na anayeshuka anashuka ameheshimiwa. Fundi ashushe maiki ya mimbari taratibu, makofi yakiwa yamepamba moto. Kumkatia mtu sauti katikati ya neno ni kumvunjia heshima, ukumbi utamhurumia, na kikao kijacho kitaanza na manung'uniko.

Jambo kubwa zaidi: mfanyie hivi mzungumzaji wa kwanza, hata kama amezidisha dakika moja, hata kama ndiye mwenye cheo kikubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaofuata wanamtazama yeye kujua saa ya ukumbi huu inafanya kazi au imetundikwa tu. Ukimwachia mkubwa saa 4 asubuhi, huna uso wa kumzuia kijana saa 6, na ukimzuia kijana peke yake umefanya dhuluma mchana kweupe.

10. Maswali yawe maswali

"Nina maswali matatu na maoni mawili, lakini kabla ya hapo naomba kwanza niwapongeze waandaaji." Huyu ni mzungumzaji wa tano, yule uliyemkataa kwenye ratiba, amerudi kupitia mlango wa nyuma. Maiki ya maswali ishikwe na mhudumu wakati wote, isikabidhiwe. Kanuni itangazwe mapema: jina, mahali unapotoka, swali moja. Sentensi ya tatu ikipita bila swali, mwenyekiti aulize kwa upole: "Swali lako, ndugu yangu, ni lipi?"

Muda huu ni wa thamani kuliko unavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLOS ONE ulifuatilia semina karibu 250 za vyuo na taasisi katika nchi 10. Ulikuta wanawake wanauliza maswali machache kuliko wanaume, na pengo hilo linakuwa kubwa swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, na linapungua pale maswali yanapokuwa mengi. Maana yake ni kwamba dakika 20 za maswali zikiliwa na hotuba, sauti za kwanza kupotea ni zile ambazo zilikuwa chache tangu mwanzo. Mwenyekiti aipeleke maiki kwanza kwa mwanamke, au kwa kijana aliyekaa nyuma, halafu aizungushe.

11. Kabla watu hawajatawanyika

Mtunza muda awe ameandika, kwa kila mzungumzaji, dakika alizopewa na dakika alizotumia. Karatasi hiyo iingie kwenye taarifa ya mkutano, pamoja na maiki zilizosumbua na sababu zake. Kamati ya mwakani ikiona kwamba ufunguzi ulipangiwa nusu saa ukachukua saa nzima, itapanga saa nzima au itamwomba mgeni rasmi hotuba fupi, na mambo yote mawili ni bora kuliko kumnyang'anya mtu. Fundi alipwe siku hiyohiyo, pale pale, bila kuambiwa apige simu wiki ijayo.

Mkitaka kujua kama mkutano ulifanikiwa, msihesabu waheshimiwa waliohudhuria. Mtafuteni aliyekuwa wa mwisho kwenye ratiba, mumuulize kama alipata dakika 15 zake zote, na kama mstari wa nyuma ulimsikia. Akijibu ndiyo mara mbili, wengine wote walitendewa haki kabla yake.